Mgomba Usio na Chipukizi

Ruiru,
9 Novemba, 1958

Kaka yangu mpendwa Bedan,

Pokea salamu nyingi kama maji ya Chania. Joto la Mombasa umelizoea? Sisi tu wazima, ila miguu inamsumbua Mama na macho yake yamefifia sana.

Ulisema ukija Krismasi unataka kuliona kaburi la Baba. Nilipomsomea Mama barua yako, hakukaa wala kulala. Ilibidi twende Thika, kwenye lile shamba letu la mtoni, ambalo hatujalikanyaga tangu Hali ya Hatari ituhamishie kijijini. Alisema hatuwezi kupotea. Juu ya kaburi alipanda mgomba mwitu kwa makusudi: hauna ndizi za kuliwa wala machipukizi ya kuchimbwa, basi nani angeusumbua? Njiani akanifundisha kama mtoto wa shule. Nitafute uti mwekundu mgongoni mwa jani, na shina lililovimba chini kama chungu. Mingine yote, alisema, ni binamu zake tu.

Loo, kaka! Hao binamu wamejaa shamba zima, limekuwa pori. Mama alipapasa shina hili na lile, mwishowe akaukumbatia mgomba mmoja mnene, akapiga magoti. Alimweleza Baba habari zetu zote, hata ugomvi wangu na mama mkwe. Kisha akaniusia kwamba siku yake ikifika alazwe hapo, ubavuni mwa mumewe.

Nikatazama chini. Machipukizi yalikuwa yameuzunguka mgomba ule, na uti wa jani ulikuwa wa kijani kibichi.

Alipokaa kupumzika nilishuka karibu na maji. Hapo nikakuta kisiki kilichooza, na mbegu nyeusi, ngumu kama kokoto, zimetawanyika. Mgomba mwitu huzaa mara moja tu, halafu hufa. Mama alilijua hilo tangu zamani, ila alidhani tutakuwepo kupanda mwingine. Nililia, nikanawa uso, nikarudi kwake.

Sijamwambia, kaka. Nimeshindwa. Ukija atakupeleka mwenyewe, amekushika mkono. Nakusihi uvue kofia, uombe naye, wala usitazame chini. Kesho yake nitakupeleka kwa Baba. Mbegu moja nimeifukia pale pale. Siku ya Mama ikifika, mimi na wewe ndio tutakaojua pa kuchimba.

Mama anakusalimu sana, anasema umletee halua.

Ni mimi dada yako,
Njambi