Majani Aliyoyalaza Baba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya Ukata? Nasikia mvua bado zinapiga. Dafrosa, dada yangu, wewe unayemsomea siku hizi macho yake yakiwa hafifu, msomee yote, usiruke mahali utakapoona aibu, maana nakujua. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia.

Huku Kanada theluji haijaisha. Kazi ni ile ile ya nyanya, ndani ya jumba la vioo. Nyanya zenyewe hazijui udongo, mama. Zinaota kwenye mifuko ya nyuzi za nazi, zinanyweshwa kwa vimipira, na mimi napita katikati na mkasi tangu asubuhi. Niliwahi kumweleza baba kwenye simu. Akauliza, "Sasa hapo mkulima ni nani?" Siku ile nilicheka. Siku hizi swali lake linanijia nikiwa kwenye mstari, na sina mtu wa kucheka naye.

Dafrosa alinipigia juzi. Anasema shamba la mteremkoni liko vile vile baba alivyoliacha. Majani alishayafyeka na kuyalaza kwa miraba, yamekauka, yanangoja udongo tu, na wewe humruhusu mtu kuingia na jembe. Shangazi Kolumba alikuja na akina mama wa jumuiya wakuchimbie ngolo, mashimo yetu yale, na udongo wake wayafukie majani, ukawarudisha wakiwa njiani. Muda wa kupanda maharage unapita. Dafrosa ameniomba niseme na wewe kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nimekaa na jambo hili siku tatu, kwa sababu kusema kweli, mama, hata mimi sitaki majani yale yaguswe.

Unakumbuka mwaka ule baba alipostaafu jeshini? Kapteni mzima, kashuka kwenye gari na sanduku lake la chuma na filimbi shingoni. Miaka yote ile tulimjua kwa barua, zile ulizokuwa ukitusomea jikoni, ambamo aliulizia kwanza mibuni halafu ndiyo watoto. Wiki ya kwanza alitupigia filimbi alfajiri tukatandike vitanda, mpaka ukaificha filimbi kwenye debe la mahindi. Kisha akaenda shambani kulaza majani kama wanaume wengine, lakini yeye na kamba na vigingi, anapima kwa hatua. Miraba ikanyooka, hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Ila kila mraba ulikuwa mkubwa kama hema! Ukasimama na jembe lako, ukamwambia, "Baba Method, unajenga kambi? Udongo wa kufukia majani yote haya nitautoa wapi?" Akaangalia, akapima tena, akaona umesema kweli. Alirudia kulaza shamba zima. Nilimsaidia, na nilikuwa nauma midomo nisicheke.

Halafu goti lako likaanza. Hukuweza tena kuinama, na kuchimba ngolo kwetu ni kazi ya wanawake, kila mtu anajua. Baba akachukua jembe. Nilikuwepo siku akina mama waliotoka misani waliposimama njiani wakashangaa, wengine wakacheka. "Jamani, Kapteni anachimba ngolo!" Shangazi Kolumba akamwambia kwa uchungu, "Kaka, unatutia aibu." Baba akanyoosha mgongo, akafuta jasho, akasema, "Nimechimba mahandaki kwa ajili ya watu nisiowajua hata majina. Nitashindwaje kumchimbia Mama Method?" Akaendelea. Mwaka uliofuata hakuna aliyecheka.

Mtu huyo huyo aliogopa maji. Aliponipeleka Mbamba Bay kununua dagaa, aliingia ziwani mpaka magotini tu, suruali ameikunja sawasawa pande zote mbili, akasimama wima hivyo, mimi naogelea. Nilipomwita alijibu, "Mimi nalinda nguo." Huwa namwona pale, anazilinda.

Mama, sikuja kumzika. Ruhusa haikupatikana, na karatasi zangu unazijua, nikitoka sirudi. Siku ya mazishi nilikuwa kwenye chumba cha kulia chakula kazini, Dafrosa ananionyesha kwa simu. Niliona jeneza na bendera. Niliona askari waliokuja kumsindikiza wamejipanga. Nikakuona wewe umekaa kwenye mkeka, halafu mtandao ukakata. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama naangalia mpira. Nikamjibu ndiyo. Sijui kwa nini nilimjibu hivyo. Nikarudi kwenye nyanya.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Alinipigia siku aliyomaliza kulaza yale majani. Alikuwa na furaha. Alisema, "Method, mistari imenyooka, ungekuwepo ungeona." Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia nitampigia Jumapili tuongee vizuri. Jumapili haikumkuta.

Kwa hiyo naelewa kwa nini unawarudisha watu njiani. Udongo ukishawekwa juu, kazi ya mkono wake haitaonekana tena. Lakini mama, hakuyalaza ili yatazamwe. Aliyalaza ule maharage. Yakioza hivi hivi juu ya ardhi, atakuwa amefyeka bure, na baba hakuwa mtu wa kufanya kazi bure. Mruhusu shangazi Kolumba aingie na wenzake. Ukiweza, nenda ukakae kando, uone mistari kwa mara ya mwisho kabla hawajaifukia. Uione na kwa niaba yangu.

Msalimie baba mdogo, na mwambie ahsante kwa kusimama mahali pangu kaburini. Msalimie shangazi Kolumba, na katekista wetu aliyekuja kusali nanyi kila jioni. Dafrosa, usilie, malizia kusoma.

Ile kamba isitupwe. Ing'oeni na vigingi vyake, muikunje, muiweke ndani ya sanduku la chuma. Mkataba wangu unakwisha kabla ya mvua za mwakani, na sitaomba mwingine. Majani ya mwaka ujao nitalaza mimi, na ngolo nitachimba mimi, wacheke watakaocheka.

Na miraba, mama, nitaifanya midogo.

Mwanao anayekukumbuka sana,
Method