Besi ya Kushoto na Picha ya Kwaya

Jumapili, 6 Julai 2025

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mbele ya yeyote: mtu wa mkono wa kushoto hana haja ya kugeuzwa, kinachopaswa kugeuzwa ni gita.

Limezaliwa leo kwenye kikao cha kwaya. Mzee Baltazari, mwenyekiti wetu, alinitazama nikilipiga gita la besi la parokia likiwa limegeuzwa juu chini, chini juu, kama nilivyozoea, akasema, "Yusto mwanangu, shahada umeipata, mkono wa kulia tu ndio umekushinda?" Ukumbi mzima kicheko. Nikamjibu kwamba shahada yangu ni ya falsafa, si ya viungo vya mwili. Wakacheka tena – ila safari hii kidogo.

Besi ile ilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Nikiigeuza, vifundo vya kuongezea na kupunguzia sauti vinakaa chini ya kiwiko changu. Nikijisahau kidogo, sauti inakufa katikati ya wimbo wa Utukufu. Nikihamisha nyuzi, uzi mnene unakataa kukaa kwenye mkato uliochongwa kwa ajili ya uzi mwembamba. Unalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Kwa hiyo nanunua yangu, kwa fedha ya masomo ya ziada ninayofundisha hapa Chanji. Na iwe imepatikana kabla hatujarekodi video ya kwaya.

Nilimpigia Mama kumweleza. Nilipokuwa mdogo, majirani kijijini kwetu, upande wa Mwimbi, walimshauri aufunge mkono wangu kwa kitambaa mpaka nizoee ule mwingine. Akakataa. "Mungu hakumfunga, nimfunge mimi?" Mpaka leo sijasoma hoja iliyo fupi na kamili kuliko hiyo.

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimepiga simu Dar es Salaam, kwenye maduka ya vyombo vya muziki. Muuzaji wa mwisho alikuwa mkweli: "Ya kushoto, kaka, hiyo ni oda. Unalipa kwanza, halafu unasubiri." Bei karibu mara mbili ya besi ya kulia ya daraja lile lile! Nikamuuliza sababu. "Mpo wachache, kaka." Nilipoanza kumweleza kwamba uchache wa watu hauongezi mbao kwenye gita, akakata simu.

Seremala wa hapa Chanji yupo tayari kunichongea kwa mfupa wa ng'ombe kile kipande cha kushikia nyuzi shingoni. Hilo lingetibu uzi mnene. Vifundo je? Vingebaki kiwikoni.

Jioni Coleta wa sauti ya pili kaleta habari. Yupo Msukuma mmoja kule bondeni, Mtowisa, anaitwa Masanja. Zamani alipigia bendi moja Mwanza. Wa kushoto kama mimi. Anauza besi yake.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Mtowisa. Niliondoka huku juu na koti. Bondeni nilitamani kuvua na shati.

Masanja ni mtu mzima, ana ng'ombe na mashamba ya mpunga. Nikamwamkia shikamoo, akaniletea kigoda, akaitoa besi kwenye gunia. Niliitazama shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani: imenyooka. Vyuma vya shingo vimelika kidogo sehemu za chini. Tundu la waya limelegea. Dakika chache za kulehemu. Vifundo vipo mahali pa haki, chini! Kichwani, kwa rangi nyeupe, ameandika jina la binti yake: KRISTIANA. Binti mwenyewe alituletea maji ya kunywa.

Bei – nusu ya ile ya Dar. Nikashuku.

"Mzee, mbona rahisi hivyo?"

"Nimeacha kupiga."

"Kwa nini?"

Akatazama njia. "Mwanza walikuwa wanasikiliza. Huku wananitazama mkono." Kisha, wakati anaifunga kwenye gunia: "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi gita hili usilipige kwake."

Nilibishana naye kwa hoja za kila namna, kuanzia za kibaiolojia. Alinisikiliza kwa adabu zote. Kisha akanikabidhi gunia.

Jumapili, 20 Julai 2025

Misa ya kwanza na besi yangu. Sauti nene, safi. Nimeisikia ikipita kwenye mbao za benchi. Mkono umetulia kama maji mtungini. Nimeshinda.

Mzee Baltazari kanipongeza. Halafu: "Gita hili litaharibu picha, lakini. Video itafika mpaka kwetu, wataona kwaya ya parokia ina mtu wa shoto." Kwetu kwake ndiko kwetu kwangu: tumezaliwa kijiji kimoja, na kule mkono wa shoto bado huhusishwa na uchawi. Kule neno lake linasikilizwa kuliko la mwenyekiti wa kijiji. Nilimwambia video isiyoweza kumvumilia mtu mmoja haina haki ya kuimba habari za upendo. Akasema, "Haya, msomi."

Jumamosi, 26 Julai 2025

Tumerekodi kwenye ukingo wa bonde la Rukwa. Upepo ulitaka kutuvua sare. Baridi! Calvin, mpiga picha wetu, alitupanga tukiwa na bonde mgongoni: waimbaji, kinanda, ngoma, na mimi peke yangu na gita. Kila wimbo tuliuanza kwa ishara ya msalaba, kama desturi yetu.

Wakati wa kufungasha nilimwona Mzee Baltazari kamvuta Calvin kando ya gari. Nilisikia jibu tu: "Usijali mzee, hiyo kwenye kompyuta nageuza mara moja." Nilidhani wanazungumzia rangi ya mawingu.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Video imetoka. Nimeitazama, nikaitazama tena. Mpiga besi ni mimi, sare ni yangu, kipara kinachoanza ni changu – lakini napiga kwa mkono wa kulia!

Wameigeuza picha. Walishindwa kunigeuza kwa maneno, wamenigeuza kwa kompyuta.

Coleta akapiga simu, hajiwezi kwa kicheko. "Yusto, umeangalia vizuri? Ukigeuzwa wewe, tumegeuzwa wote! Kwaya nzima tunafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto!"

Nikacheka naye. Yeye ndiye aliyeacha kwanza. "Sasa watu wakiona hivi?" akauliza.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Wameona. Kwenye kundi la simu la watu wa kwetu mtu kaandika: "Kwaya nzima imegeuzwa mkono. Nani kawageuza?" Chini yake, jina langu. Watu wengi wamesoma, hakuna aliyepinga.

Nimepinga mwenyewe. Nimeikuza picha ya kichwa cha besi mpaka jina la Kristiana likaonekana waziwazi, likisomeka kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Nikaambatanisha maelezo marefu: kioo hufanya nini, mwanga hufanya nini, na kwa hiyo picha imegeuzwa na kompyuta, si watu waliogeuzwa na mtu. Nimetuma kwenye makundi yote. Hoja haina tundu. Nalala na amani.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Benchi la kwaya lilijaa, isipokuwa kando yangu, kulia na kushoto.

Picha yangu inasambaa. Maelezo hayasambai! Wamekata maneno, wamebakiza jina lililoandikwa kinyume, kama la kichawi. Wanauliza Kristiana ni nani, na alikufa lini. Hajafa! Alinipa maji kwa mkono wake! Nimeandika hivyo. Nikajibiwa: "Umejuaje kwamba ni maji?"

Ushahidi wa kunishtaki nimewapa mwenyewe, nimewakuzia mwenyewe.

Nilimfuata Calvin aseme ukweli. "Mshikaji, mimi nilitumwa. Mwambie aliyenituma. Yule mzee ndiye anayenipa kazi zote za harusi."

Jumanne, 19 Agosti 2025

Mama kapiga simu. Alianza na ulezi, umekauka vizuri. Kisha, kwa sauti ile ile: kwenye mashine ya kusaga wanawake walimuuliza ugali anausonga kwa mkono upi. Mmoja akakumbusha habari ya kitambaa. Kwamba walimshauri. Kwamba alikataa. Kwamba labda alikuwa na sababu.

Kijiji kimeamua kuwaita lambalamba, hao wanaopita nyumba hadi nyumba wakidai kunusa wachawi na kuwatoa nje mbele ya watu. Wanafika Jumatano ya wiki ijayo. Kila kaya inachangia.

"Na wewe, Mama?"

"Nimechangia. Nisingechanga wangesema naogopa."

Alicheka kidogo. Akakata simu.

Ijumaa, 22 Agosti 2025

Nilikwenda kumchukua. Nilipanda pikipiki mpaka mlangoni, besi nimeiacha Chanji. Njiani nimeamkia watu walionibeba mgongoni. Wakaitikia wakitazama mkono niliouinua. Ulikuwa wa kulia. Hata mimi nilihakikisha.

Mama hakukubali. "Nikiondoka leo, nimewapa jibu. Nyumba hii nimeijenga na baba yako." Akanisongea ugali wa ulezi. Niliona anabadilisha mkono wakati anasonga, wa kulia kwenda wa kushoto kwenda wa kulia, kama mtu aliyesahau zamani alitumia upi.

Mtendaji wa kijiji anasema hao ni waganga wa tiba asili na wana kibali chao. Polisi wanasema nirudi likitokea jambo. Likitokea! Paroko yupo safarini.

Nikaja moja kwa moja kwa Mzee Baltazari. Sikubishana, Mungu ni shahidi. Nilipiga magoti sebuleni kwake. "Shikamoo, Mzee. Piga simu moja tu kijijini. Sema wewe ndiye uliyeagiza picha igeuzwe."

Mkewe akaondoa vikombe ambavyo hatujanywea.

"Nikisema hivyo, mwanangu, nitakuwa mimi ndiye niliyewageuza watu mkono mbele za Mungu. Nami nina nyumba kule. Nina dada kule."

"Na mama yangu?"

"Tuombe. Yatapita."

Jambo aliliona. Anajua kabisa linakokwenda – na kwa sababu analijua, amechagua liende kwetu, si kwake.

Jumapili, 24 Agosti 2025

Naandika nikiwa kwenye benchi, kwa penseli, nyuma ya karatasi ya nyimbo; nitanakili baadaye nikijaliwa. Besi ipo gotini. Leo hakuna aliyenizuia kuipiga, wala hakuna aliyeimba kwa kuifuata.

Asubuhi Mama hakupokea simu. Nimempigia jirani. Kasema yupo, anafagia uwanja. Kuna vijana wamekaa ng'ambo ya njia tangu jana, wanamtazama tu.

Coleta amekubali kurekodi. Simu ameielekeza kwangu. Itakachonasa atakituma kijijini kama kilivyo, bila kompyuta ya mtu kupita katikati. Mzee Baltazari yupo benchi la tatu na kofia mapajani. Ameniona ninaandika.

Katekista amefikia tangazo la mwisho. Anasema mwenye neno asimame. Nitakachosema ni hiki, nami nimekiandika ili hasira isinibadilishie hata herufi:

Mzee Baltazari, shikamoo. Mama yangu Cornelia unamfahamu, mlicheza pamoja utotoni. Jumatano hii watamtoa nje ya nyumba yake kwa sababu ya picha. Sikuombi radhi, wala sikuombi tukubaliane kuhusu mkono. Nakudai jibu moja, hapa, kwa sauti, watu wote wakisikia: nani alimwagiza Calvin aigeuze?