Kuku wa Kamanda

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kamanda ameshindwa kuinuka asubuhi. Miguu ya mbele imesimama, ya nyuma imebaki chini. Mbwa aliyemtimua fisi zizini, kijiji kizima cha Kirushya kikamsifu! Nimemwinua kwa mikono. Akanilamba. Nimeumia sana moyoni.

Felisita anasema ni lile jiwe alilopigwa kwenye maharage ya watu. Mke wangu huyu hakosi jibu. Lakini jiwe gani linapiga miguu yote miwili?

Jumatano, 5 Juni

Bwana mifugo kapita. Kamshika nyonga, kamnyoosha mguu — Kamanda kalia! Kasema mfupa haukai vizuri kwenye nyonga, unasagana, na ugonjwa huu ni wa kurithi. Akauliza watoto wake wakoje.

Nikaanza kuwahesabu. Yule wa Niragira kule Benaco anakimbia kwa kurukaruka kama sungura, tulikuwa tunamcheka. Yule wa kule Bukiriro walisema karogwa, jirani akanuniwa bure. Baba yao ni huyu huyu! Na kila jike lililoletwa nililipokea mimi, kifua mbele.

Ushauri: asizalishe tena. Atakuja Jumatatu kumhasi. Nimekubali kwa mdomo. Sina hata mtoto wake mmoja hapa nyumbani.

Ijumaa, 7 Juni

Simu ya mzee Anatory, baba wa mke wa mwanangu Derick. Jike lake liko kwenye joto, analileta kesho kwa Kamanda. Fisi wanamaliza mbuzi wake. Na mtoto mmoja atakuwa wangu, kasema, nichague mwenyewe.

Nilitaka kumweleza. Nikajikuta nasema, "Karibu sana, mzee." Mwoga mimi! Najipa moyo kwamba mkwe hakataliwi kwenye simu.

Jumamosi, 8 Juni

Kaja na jike, kaja na kuku. Kwetu mbwa hapandishwi kwa fedha, huletwa kuku. Kuku akishachinjwa, umekubali.

Nimekwenda migombani kukata ndizi za mgeni. Narudi — Felisita anamnyonyoa kuku! Eti, mkwe akae na njaa?

Nikamweleza mzee yote, hata habari za Benaco na Bukiriro. Kasikiliza vizuri. Halafu kasema mbwa hafukuzi fisi kwa nyonga, anafukuza kwa moyo, na moyo wa Kamanda ndio alioufuata huku. Nimetamani iwe kweli. Natamani hata sasa. Mtoto mmoja tu, mwenye macho yake! Lakini nikikumbuka alivyolia Jumatano... nani atamwinua huyo mtoto asubuhi?

Nimeingia ndani, eti natafuta kamba ya kumfunga Kamanda. Naandika nimesimama. Kuku ananukia nyumba nzima. Nje jike linalia, na Anatory anamsimulia Felisita habari za mbuzi wake.

Kamanda kalisikia jike. Namwona dirishani, anajiinua. Miguu ya mbele imesimama.

Anatory kaacha habari za mbuzi, anaitazama ya nyuma.