Matone Aliyokunywa Papa Kabla ya Sindano

Mama,

Ukitoka shambani, tafadhali usimpe Papa dawa yoyote ya moyo. Maharage yake hayana chumvi. Akilalamika, mwache alalamike.

Asubuhi muuguzi Séraphin alileta ile sindano ya moyo inayoingizwa kwenye mshipa. Papa, asiyekubali mgeni amkute amelala, alikuwa amevaa koti la Misa, amefagia na uwanja.

"Papa, ulikunywa matone ya moyo siku hizi?" Séraphin akamwuliza.

"Hapana."

Nilikuwa nimeona chupa ya zamani iko tupu, nikasema.

"Nilikunywa jana na leo," Papa akakubali, "ili unikute na nguvu."

Séraphin akairudisha sindano sandukuni. Dawa hizo mbili zikikutana, zinaweza kuusimamisha moyo.

~~Mfungie chumbani.~~ Kaa naye tu. Akitapika, ao moyo ukipiga ovyo, tuma mtu hospitalini Kibabi upesi. Nimefuatana na Séraphin huko kumwuliza daktari ni lini sindano itakuwa salama.

Usimgombeze sana. Nilipomwambia jinsi nilivyoogopa, alivua koti, akajilaza mwenyewe, akasema, "Basi, daktari akija anikute hivi hivi, mugonjwa."

Binti yako mkubwa,
Victorine