Geji ya Zebaki

Kaka yangu,

Sisi wazima, mpwa wako sasa anatambaa. Umeuliza ututumie geji gani ya kusawazisha kabureta za pikipiki. Tuma ya mishale. Ya zebaki sitaki hata kuiona. Shemeji yako aliing'ang'ania hiyo kwa kuwa ni rahisi. Juzi mirija ikapasuka, akaikinga ile zebaki, sumu tupu, kwenye beseni la kumwogeshea mtoto.

"Si nitalisuuza?" akasema, huku anacheka.

Asubuhi yake nikamkuta anamwogesha humo, vitone vinang'aa chini ya maji. Nilimnyakua mwanangu, nikatapika. Tangu hapo hata sauti ya mwanamume yule inanitia kinyaa.

Tuko kwa mama. Pikipiki nitazitengenezea hapa uani, geji itume huku. Shemeji yako akikupigia, usimwambie tuliko.

Ni mimi, dada yako