Blanketi la Magoti la Mama

Baba Oliva,

Umezoea kuangalia pembeni kila nikitaja miguu ya mama yako. Leo soma mpaka mwisho.

Nampeleka hospitali mjini, bodaboda inasubiri nje. Maziwa nimechemsha, yafunike. Jiko la mkaa nimelitoa, lisirudi ndani.

Nilipotoka kukamua nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Nikamkuta Mama amekaa kando ya jiko. Pindo la lile blanketi la magoti nililomfumia lilikuwa limelalia makaa, uzi umeyeyuka na kumgandia mguuni. Yeye anahesabu vile vinundu vya uzi kwa vidole, anacheka: "Kornelia, umeniibia. Mstari huu una kumi na tisa, siyo ishirini." Ngozi imebanduka, naye ananitania. Hakusikia maumivu yoyote.

Mistari ya mwisho niliiongeza mimi, imfunike mpaka nyayo; ndiyo iliyofika kwenye makaa.

Ila sijasahau. Mwezi wa saba mwaka juzi ndala yake iliungulia mguuni, ukasema uzee. Mwaka jana alitembea na msumari unyayoni mpaka kanisani, ukasema uzee. Nikajisomea karatasi za kliniki, nikakwambia apimwe sukari. Ukaniita daktari wa kijiweni.

~~Baki na ng'ombe, nitakupigia.~~ Hapana. Naogopa watauliza kama mguu ukatwe, na wa kujibu ni mtoto wake, siyo mimi mkwe. Ng'ombe waachie jirani. Kadi yake ya bima iko kabatini, na ufunguo unao wewe. Ichukue, uje sasa hivi.

Mama Oliva