Gari Lililopanda Kwetu Kinyumenyume

Mume wangu, Baba Somoe,

Juzi mjukuu wetu alinitoa Nkowe kwa bodaboda. Tulipofika chini ya kilima chetu hapa Matambarale, pikipiki ikakohoa, ikazimika, nami nikacheka mpaka kijana akadhani bibi yake ameanza kuchanganyikiwa. Sikumweleza kitu. Niliona nikuandikie wewe kwanza, maana kicheko kile kilikuwa chetu wawili.

Unalikumbuka gari lako? Swali gani hili ninalouliza. Hata mimi nililionea wivu. Ulikuwa kijana wa Naipingo, fundi wa matrekta kwenye kambi ya karanga pale Nachingwea, miaka ile Wazungu walipofyeka pori lote wakidhani karanga zitaota kwa kelele za mashine. Karanga ziligoma. Kambi ilipoanza kufungwa, mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago alikuachia gari jeusi, kuukuu, lililolala nyuma ya karakana huku kuku wakitagia kwenye kiti. Wenzio walikucheka. Wewe ukalifufua, ukalileta hadi sokoni Ruangwa nilikokuwa nauza ufuta. Kila kitu kilipiga kelele isipokuwa honi, kwa sababu honi halikuwa nayo. Likazimika mbele ya fungu langu hasa. Mpaka leo siamini kwamba lilizimika lenyewe.

Ulikaa pale ukizungusha hendeli ya kuwashia injini na kunihadithia ukoo wa gari lako kama mtu anayesifu kabila lake. Zamani, ulisema, magari yalikuwa ya matajiri, kila moja linatengenezwa kivyake kama kanzu ya kushonesha. Hili lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuundwa kwa wingi. Watu wamesimama kwenye mstari, gari linawapitia, huyu anakaza gurudumu, yule anafunga taa, kila mmoja na kazi yake hiyohiyo kutwa. Yakatoka kama mapacha, kipuri cha moja kinamkubali mwenzake, bei ikashuka hadi wakulima wa huko Uzunguni wakayapanda. Nikakuuliza, na mkulima wa Matambarale je?

"Ndiye huyu ninayezungumza naye," ukasema.

Maneno yako yalikuwa mazima kuliko gari lako, na hilo ulilijua.

Posa ikaenda. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba Saidi alikuwa na hofu moja. Desturi yetu mume huhamia kwa mke, lakini vijana wa kambi walikuwa wanaoa, wanakaa msimu mmoja, halafu barabara inawachukua. Dada yangu mkubwa alikuwa ameachwa hivyohivyo, mtoto mgongoni. Kwa hiyo mjomba alisema atakutazama jinsi utakavyoingia siku ya nikaha. Asiporidhika, shehe atakula wali wake na kurudi kwao.

Nami nilikuwa nakutaka. Niliombea hata mvua isinyeshe.

Siku yenyewe watu walijipanga juu ya kilima, kina mama na vigelegele vyao tayari. Mimi nilikuwa ndani, nachungulia dirishani, kinyume na nilivyoagizwa na shangazi. Tukalisikia gari lako linaanza kupanda, likafa. Likawaka tena, likafa tena. Kisha, mbele ya ukoo mzima, ukaligeuza, ukaanza kuja kwetu kinyumenyume.

Vigelegele vikakatika. Wewe ulikuwa unatatua tatizo la petroli: tanki liko chini ya kiti, petroli inashuka yenyewe kwenda kwenye injini, na pua ya gari ikiinuka mno kilimani inashindwa kufika. Kila dereva wa gari lile alijua dawa yake ni kupanda kwa rivasi. Lakini ukweni hakuna aliyejua habari za tanki. Huku kwetu mkwe hapewi mgongo. Ukipishana naye njiani unasimama pembeni, unainama, unamwelekea. Na wewe ulikuwa unatuletea matako ya gari, yanafuka moshi.

Mjomba akasimama. "Kwa wakwe hakuingiwi hivyo," akasema. "Na uso wa gari uko wapi? Uko Nachingwea. Huyu hajaja kukaa."

Shehe akaanza kutafuta viatu vyake. Bibi harusi hasemi siku ile, lakini nilikuwa nimekutazama kuliko wote, na niliona kitu ambacho hasira ilikuwa imewaficha. Nikasema kwa sauti, hapohapo dirishani:

"Mjomba, achana na gari. Mtazame mtu. Njia yote hii amepinda shingo anatuangalia sisi."

Wakatazama. Kweli, mikono ilikuwa kwenye usukani, magoti yameelekea Nachingwea, lakini uso wote, na macho yaliyokutoka kwa hofu ya korongo la kando ya njia, ulikuwa kwetu. Kofia ilikuwa imeangukia sikio. Mama ndiye aliyecheka kwanza. Mjomba alijikaza, akashindwa, akarudi kukaa na kumwambia shehe avue viatu.

Uliozwa shingo imepinda. Picha ingekuwepo, watoto wasingeamini kwamba ulizaliwa sawasawa. Nilikukanda kwa mafuta ya ufuta juma zima, na hukuondoka tena, isipokuwa kumpeleka mjomba Ruangwa, maana alikuja kulipenda gari lile kuliko sisi wote.

Nalo limekwisha. Springi zimekuwa mapanga, boneti ni mlango wa banda, na kuku walirudi kutagia kwenye kiti chao. Lakini nikiona bodaboda za Nkowe, zote pacha, kijana anaazima kipuri kwa mwenzake na safari inaendelea, nasema ukoo wa gari lako haujakatika. Na mkulima wa Matambarale anapanda, kama ulivyonitongozea.

Nimekukumbuka, Baba Somoe. Nyumba ina watu wengi na bado naisikia nafasi yako.

Juzi kijana aliposukuma pikipiki, mimi nilipanda kwa mkongojo. Wewe uko pale chini kwenye mikorosho tulikokulaza. Miguu ilikuwa inakwenda nyumbani, uso nimeugeuza kwako, mpaka majani yakakuficha. Sasa shingo imekaza, na mwenye kunikanda hayupo.

Usinicheke. Lala vizuri, unitunzie nafasi. Siku nitakayokufuata nitakuwa nateremka, na kuteremka hakuhitaji rivasi.

Mkeo wa dirishani,
Mama Somoe